Kabla ya Masika Kushuka Nguru

Watanzania hatuna majira ya theluji, lakini mwenye nyumba ya zamani katika miteremko ya milima ya Nguru, juu ya Turiani, anajua kwamba mwaka una majuma machache ambayo yakipotea hayafidiki. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Yakikatika huingia kipupwe, na kuanzia Juni ukungu hushuka kutoka msituni alasiri, ukakaa juu ya paa mpaka jua la siku ya pili linapopanda. Kwa hiyo kila kitu lazima kifanyike kati ya mwisho wa Januari na mwisho wa Februari, jua likiwa kali na njia zikipitika. Aliyechelewa atakarabati huku mvua ikinyesha, na kazi hiyo haitofautiani sana na kuhesabu hasara.

Nyumba ninayoizungumzia ni mali ya ukoo wa mama yangu. Ina vyumba sita, dohani moja, na veranda ndefu inayotazama mashamba ya miwa ya Mtibwa na majaruba ya mpunga huko bondeni. Ilijengwa katikati ya miaka ya 1950 na mjomba wa mama, mwashi aliyejifunza kazi mikononi mwa mafundi wa misheni ya Mhonda. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1877 na Mapadri wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo, miaka minane kabla Wajerumani hawajajitangazia himaya katika nchi hii. Kwa hiyo pale Turiani tofali la kuchoma lina umri mkubwa kuliko bendera yoyote. Tangu mwanzo nyumba ilipokea wageni: maofisa misitu, mapadri, watafiti wa ndege na mimea, wanafunzi, na siku hizi vijana wanaopanda mlima kupiga picha. Wenyeji huiita Resti. Wageni wengi huja wakati wa kipupwe, njia zinapokauka, na hapo ndipo baridi inapowashangaza watu waliokuja na mashati ya Dar es Salaam.

Sisi Wanguu, kama walivyo Waluguru, Wazigua na Wakaguru, huuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ndiyo maana msimamizi wa Resti hakuwa baba yangu bali ni mjomba, kaka yake mama, na ndiyo maana mimi, mtoto wa dada yake, ninayo sauti juu ya nyumba ile ambayo watoto wake wa kuzaa hawana. Utaratibu huu una matatizo yake, ambayo leo nayaacha. Mjomba sasa ana miaka 78. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hakuweza kupanda ngazi.

Mjomba haanzi na paa. Wageni wa kazi hii hulikimbilia paa kwa sababu ndilo linaloonekana likivuja. Yeye huanza nyuma ya nyumba, kwenye mtaro wa kukinga maji, uliochongwa mlimani kama mwezi mchanga ili maji ya mteremko yagawanyike pande mbili na kumwagika korongoni. Kila mwaka mtaro huo hujaa majani na udongo. Huzolewa mpaka kwenye sakafu yake ngumu, lakini hauongezwi kina hata kidogo, maana ukiuchimba zaidi unaudhoofisha ukingo wa juu na kuukaribisha udongo chumbani. Ukingo wa chini umepandwa mabingobingo, ambayo hupunguzwa lakini hayang'olewi. Kazi ikiisha, mjomba huagiza ndoo ya maji imwagwe kwenye kilele cha mtaro, halafu yeye hutembea sambamba na maji kwa mwendo wake wa fimbo hadi mwisho. Yakisimama mahali, jembe hurudi pale.

Mnamo Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mtaro wa babu yangu haungeuzuia mlima uliolowa kumeguka, wala sipendi misiba ya watu igeuzwe mfano wa darasani. Ninachosema ni kwamba wanaoishi chini ya mlima wana wajibu wa kujua maji ya juu yao yanapita wapi, na kwamba ujuzi huo hauwezi kuagizwa siku ya maafa. Katika masika ya 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge Aprili 25 kuwa watu 155 walikuwa wameshafariki kutokana na mvua nchini. Hapo mwezi mzima wa mvua ulikuwa bado mbele yetu.

Baada ya mtaro ndipo paa. Mabati ya Resti ni yale ya zamani, manene, ambayo mtu anaweza kuyapigia magoti bila kuyapinda. Ya geji 30 tunayouziwa sasa huacha alama ya goti. Bati lenyewe huharibika polepole. Kinachokufa mapema ni raba ya msumari: jua huipasua, tone hupenya, mbao ya papi huloa, msumari hulegea, upepo hupata mahali pa kushika. Raba ya shilingi chache ndiyo inayoamua iwapo paa litaondoka lote. Msumari uliolegea hung'olewa, tundu lake huzibwa kwa lami, na mpya hupigwa pembeni. Gata husafishwa majani na viota. Matawi ya mfenesi yanayolielekea paa hukatwa, ijapokuwa shangazi hulalamika kila mwaka kwamba tunamkatia mafenesi.

Darini hali ni tofauti. Kule mtu hufanya kazi kwa sikio. Hugonga kenchi kwa mpini wa nyundo. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu, iliyoliwa na mchwa hujibu kama boga. Iliyo nzima hupakwa oili chafu, iliyoliwa huongezewa mbao pembeni. Na juu ya kenchi hizo zimeandikwa alama za chaki, duara ndogondogo zenye tarehe pembeni: kila mahali palipovuja katika masika fulani, alama iliwekwa wakati mvua inanyesha, ili jua likija fundi asitafute. Alama ya zamani inayosomeka ni ya Aprili 1968. Nimefanya utafiti katika maktaba na makumbusho kadhaa, ndani na nje ya nchi, na sijaona nyaraka zinazotunza ukweli wa taasisi kwa uaminifu kama zile kenchi.

Kuhusu kuta tuligombana. Binamu mmoja, mtu wa heri na mwenye fedha kidogo, alileta fundi kutoka Morogoro mjini aliyependekeza kuta zote zipigwe plasta ya saruji na rangi ya kung'aa ili nyumba ipendeze. Mjomba alikataa bila kueleza. Maelezo nilikuja kuyapata kwa wahandisi: kuta za Resti ni za tofali laini lililoshikwa kwa udongo na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa masika kisha kuutoa wakati wa jua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa mlango; hubaki ndani, tofali likalika kimyakimya nyuma ya rangi nzuri, hadi siku plasta inapoanguka na tofali lake. Chokaa huchakaa upesi na hulazimu kupakwa tena kila mwaka. Fundi wa mjini aliuona huo kuwa udhaifu wake. Mjomba anajua kwamba ndiyo kazi yake.

Yaliyobaki ni ya kipupwe. Dohani hupitishwa fungu la matawi lililofungwa kamba na jiwe, masizi yakamwagika mekoni. Kuni hupasuliwa mapema ili zikauke kabla ya Juni, nazo hutoka kwenye mikaratusi yetu wenyewe, kwa kuwa msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia ya Mkingu. Mablanketi huanikwa. Popo hawafukuzwi, husubiriwa watoke jioni kisha tundu likazibwa kwa wavu.

Sasa niingie kwenye siasa, maana najua baadhi ya wasomaji wangu wameanza kujiuliza kama mwalimu wao amegeuka fundi.

Taifa letu linapenda kuanza. Mwenge wa Uhuru huweka mawe ya msingi na kuzindua miradi kila mwaka, wilaya kwa wilaya, na sina ugomvi na jambo hilo. Lakini sijawahi kusikia ukizindua gata lililosafishwa. Waziri hakati utepe kwenye raba ya msumari. Mtumishi aliyezuia darasa lisivuje hana picha ya kuonyesha, kwa kuwa jambo alilolifanya ni kwamba hakuna kilichotokea. Katika vitabu vya bajeti, jengo jipya ni maendeleo, na kulitunza ni matumizi mengineyo, fungu ambalo kila mhasibu wa serikali anayenisoma anajua kwamba hukatwa kwanza fedha zinapopungua. Tumeuweka ubaguzi huo ndani ya lugha yenyewe: lililojengwa linaitwa maendeleo, lililotunzwa linaitwa mengineyo.

Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, ukumbi wa mihadhara ulikuwa na gata lililoziba. Maji yalirudi nyuma, yakaingia darini. Niliandika dokezo, kisha la pili, kisha la tatu. Majibu yalikuwa ya heshima: fungu la matengenezo limekwisha, subiri mwaka ujao wa fedha. Kazi ile ilihitaji ngazi, kibarua mmoja na nusu siku. Mwaka wa pili dari lilianguka, kwa bahati ikawa Jumamosi na ukumbi hauna mtu. Ndani ya miezi michache fedha zilipatikana: zabuni ilitangazwa, mkandarasi akaja, bango likasimikwa lenye majina ya mradi na mfadhili. Ukumbi ulipendeza sana. Gata la upande wa pili liliachwa kama lilivyokuwa, kwa sababu halikuwamo katika mkataba.

Usiniambie kwamba huu ni utamaduni wetu, kwamba Mwafrika hatunzi. Hoja hiyo ni ya kivivu, na kenchi za Resti zinaikanusha. Hata serikali imewahi kuikanusha. Barabara nyingi tulizozijenga baada ya Uhuru ziliachwa zikaharibika kufikia miaka ya 1980, tukalazimika kukopa ili kujenga upya tulivyokuwa navyo tayari. Funzo lilichukuliwa: sheria ilirekebishwa, tozo ya mafuta ikatengewa Mfuko wa Barabara, na tangu mwaka 2000 upo chini ya bodi yake, huku TANROADS ikianza kazi mwaka huohuo na TARURA ikifuata mwaka 2017. Wazo lenyewe ni rahisi na ni kubwa: fedha za matengenezo zisisimame kwenye foleni moja na fedha za sherehe. Mfuko huo una mapungufu, na barabara za vijijini bado ni kilio. Lakini ninapotoka Magole kwenda Turiani juu ya lami, najua kwamba kila lita niliyoinunua imeacha kitu kwa ajili ya mashimo ya kesho. Kwa nini shule, zahanati na mabwalo ya chuo hayana kitu kama hicho? Swali hili nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa shahada ya pili, ambao wengi ni watumishi wa umma. Walicheka kwanza. Kisha mmoja, afisa mipango wa halmashauri, akasema kwa upole kwamba yeye hupimwa kwa miradi iliyokamilika, na hakuna safu katika fomu yake ya jengo ambalo halikuharibika.

Hata hivyo ipo hatari ya upande mwingine, na historia ya mkoa wetu inaifahamu vizuri. Miaka ileile ambayo babu alikuwa akiuchonga mtaro wake kwa hiari, ng'ambo kule Uluguru serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mradi ulianza mwaka 1950. Kwenye karatasi ulikuwa na mantiki: milima ina mteremko mkali, udongo unashuka, mito inajaa tope. Ila udongo wenye rutuba wa Uluguru ni tabaka jembamba, na kuchimba tuta kulimaanisha kuufukia huo na kuinua udongo usiozaa. Wakulima waliliona hilo katika mavuno yao. Waliposema, walijibiwa kwa faini na amri. Julai 1955 huko Matombo watu waliandamana, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mradi ukafa naye. TANU, iliyoundwa mwaka uliotangulia, haikuhitaji kuwafundisha Waluguru maana ya kutawaliwa.

Huwa nawakumbusha wanaharakati wa mazingira kisa hiki kila wanaponijia na hasira za haki kabisa juu ya misitu. Wako sahihi kwamba milima hii ni paa la wengine: Ruvu inayozaliwa Uluguru ndiyo inayonywewa Dar es Salaam, na Oktoba 2022 kina chake kiliposhuka, jiji liliingia kwenye mgawo wa maji. Maji ya Nguru huingia Wami, na Chalinze hunywa Wami. Lakini mkulima wa iliki aliye kwenye ukingo wa hifadhi ndiye aliyeshika ngazi ya paa hilo, na hakuna mtu anayesafisha gata la nyumba ambayo hana chumba ndani yake.

Aliyepanda kutoka mjini Morogoro hadi Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani lililokaa miaka mingi likiwa gofu katika mandhari mazuri kuliko yote ya Uluguru, ameona mwisho wa nyumba isiyo na mjomba. Wajenzi wake hawakuwa wabovu. Waliondoka, na waliobaki hawakuwa na sababu ya kuiita yao.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu Februari hii, ukoo ulipokaa chini ya mfenesi kujadili kama Resti iendelee kuwapo. Mnunuzi amejitokeza, mfanyabiashara anayetaka kiwanja na wala si nyumba. Atabomoa ajenge vijumba vya kisasa. Bei aliyotaja si ya dharau. Binamu yule wa plasta alizungumza kwa ufasaha: upande wa magharibi unahitaji mabati mapya, wageni ni wa miezi mitatu, mzee amechoka, na kila mmoja wetu ana watoto wa kusomesha. Hakuna alichokisema kilichokuwa uongo. Nilimsikiliza nikajua kwamba ndivyo yanavyosemwa pia kwenye kamati za bajeti, na watu wema, wenye hesabu sahihi.

Mjomba alisubiri mpaka wote walipomaliza. "Wanangu," alisema, "mimi sina hoja ya kuwashinda nayo. Paa ninalijua, na kupanda siwezi. Akipatikana wa kupanda, nitamwonyesha. Asipopatikana, uzeni nikiwa hai, nisije nikaikuta imeanguka huko ninakokwenda."

Aliyepanda ni binti wa dada yangu, mwenye miaka 24, mhitimu wa VETA wa fani ya useremala aliyekuwa hana kazi tangu mwaka jana. Hakuomba ruhusa. Alivaa suruali ya kazi, akasimamisha ngazi, na kwa siku nne sauti zilizosikika zilikuwa mbili: yake akigonga, na ya mzee kutoka kwenye kigoda chini, "Hiyo bado, rudia," naye akajibu, "Sawa, babu." Nimefundisha kwa zaidi ya miaka 15, na sidhani kama nimewahi kuhudhuria somo lililokuwa na mwanafunzi mmoja na likaenda vizuri hivyo.

Ukoo haukupiga kura. Tulikubaliana juu ya mchango wa kila mwaka utakaowekwa kwenye akaunti yenye sahihi tatu, usioguswa kwa msiba wala harusi, na posho ya binti itoke humo. Tukakubaliana pia kufuatilia hati ya haki miliki ya kimila kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, majina ya akina mama yakitangulia. Mnunuzi amejibiwa asubiri miaka mitatu. Hadi ninapoandika, waliochangia ni sita kati ya kumi na mmoja, na binamu wa plasta, kwa mshangao wa wengi, alikuwa wa kwanza kulipa. Fedha zilitosha raba, lami, chokaa na mbao. Mabati kumi na mawili ya magharibi hayakununuliwa. Juu yake pametandikwa turubai lililofungwa kwa waya.

Mvua ilishuka wiki ya pili ya Machi, usiku. Asubuhi yake binti alinitumia picha kwa simu, iliyopigwa darini kwa mwanga wa tochi: turubai limeshika, mtaro unapitisha, lakini chumba cha nne kimevuja pembeni mwa dohani, kiasi cha kiganja. Juu ya kenchi, chini ya alama za wengine, alikuwa ameshachora duara ya chaki na kuandika tarehe.